Kidonda cha Baba Samweli

Wanangu mnaoanza kazi ya kusafisha vidonda, juzi mlikuja kunisalimia hapa Itetemia mkanikuta na jembe mkononi, nikawajibu maneno mafupi ya mtu mwenye jasho. Mkaondoka mnaangaliana. Leo mvua imenifungia ndani, basi kaeni mkao wa kusikiliza. Nitawaambia habari za kazi, na nitawaambia pia jambo nililoliona makaburini alfajiri ya Pasaka moja, ambalo nikilikumbuka mwili unanisisimka hadi leo.

Kazi inaanza na pua. Kabla hujagusa bandeji, vuta pumzi. Kidonda kibaya hukusalimia mlangoni kabla mgonjwa mwenyewe hajapiga hodi. Bibi Nyamizi, mama aliyenifundisha kazi katika hospitali ya misheni upande wa Sikonge, alikuwa anasimama kwenye kizingiti cha chumba cha vidonda, ananusa, halafu ananiambia, "Anza na yule wa pembeni, hawa wengine watasubiri." Ninakumbuka alikosea mara moja tu. Tulimfungua mzee wa watu bandeji yote, tukakuta kidonda safi kabisa, kumbe kilichonuka ni samaki, migebuka mikavu kwenye kikapu cha mama aliyekaa jirani yake, ametoka nayo Kigoma kwa treni. Bibi Nyamizi hakuomba radhi. Aliuliza kama migebuka inauzwa.

Zamani tulikuwa tunamwaga kwenye kidonda dawa inayotoa povu. Ilikuwa inachemka na kufoka, mgonjwa anauma meno, na sisi tunajiona tumetibu kwelikweli. Baadaye daktari wetu akatukusanya, akatueleza kwamba povu lile linaunguza pia nyama changa inayoota. Tukaanza kutumia maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Nakiri niliikosa ile sauti ya povu. Wagonjwa ndio walioikosa zaidi. Mfugaji mmoja wa Nzega aliangalia bakuli langu akaniuliza, "Sista, hayo si maji ya kuchemshia mihogo? Dawa iko wapi?" Nikamwambia atulie, leo mihogo ni yeye.

Na asali. Ninyi mnaletewa asali ya hospitali kwenye vikopo vilivyofungwa vizuri, mnadhani ni uvumbuzi wa jana. Sisi tulikuwa tunaletewa na wafuga nyuki wa Ipole, daktari akiipima na kuikubali, tunaipaka kwenye gozi, kile kitambaa chepesi cheupe cha hospitali, na kuliweka kidondani. Shida yake ni sisimizi. Mgonjwa anarudi nyumbani na mguu wenye asali, analala, sisimizi wa kijiji kizima wanapata taarifa. Tukawa tunawafundisha watu kusimamisha miguu ya kitanda kwenye makopo ya maji. Liandikeni hilo, sijaliona kwenye vitabu vyenu.

Lakini fundisho kubwa la Bibi Nyamizi lilikuwa hili: "Kidonda usikifunge mdomo kabla tumbo lake halijajaa." Kidonda kirefu kinapona kutoka chini kuja juu. Ngozi ina haraka, inapenda kufunika. Ikifunika juu na chini bado kuna shimo, usaha unabaki humo na kuchimba, na mtu anatembea akisema amepona. Ndiyo maana tunakijaza gozi, kikae wazi, nyama iote polepole kutoka chini. Wagonjwa wanalichukia jambo hilo. Wanasema wamekuja kufungwa, sisi tunawafungua.

Bibi huyo ujana wake aliutumia kuhudumia wagonjwa wa ukoma. Aliniambia ameona watu wakikanyaga msumari na kuendelea na safari, au mtu ameshika sufuria ya moto huku anapiga soga, hajui kama anaungua mpaka asikie harufu. Miguu iliisha kwa sababu haikuuma. Kwa hiyo maisha yake yote hakumwambia mgonjwa avumilie. Mgonjwa akipiga yowe, yeye alikuwa anasema, "Inauma? Ashukuriwe Mungu. Nyama inayouma ni nyama hai." Mwanzoni nilidhani mama huyu hana huruma. Baadaye nilianza kuwaogopa wagonjwa wanaotabasamu nikiwasafisha.

Sasa niwaambie habari za Baba Samweli.

Kwetu ni Ipole. Huku Itetemia nimefuata nyumba ya binti yangu baada ya kustaafu. Baba Samweli alikuwa mkulima wa tumbaku na mfuga nyuki kijijini kwetu, na mzee wa kanisa katika ushirika wetu wa Moravian. Asali tuliyopaka kwenye miguu ya watu nyingi ilitoka kwenye mizinga yake. Alikuwa anaileta mwenyewe kwa baiskeli, akifuatana na mwanawe Samweli, kijana mrefu, mpiga tarumbeta wa kanisa. Samweli alikuwa mtoto wao wa pekee. Walimpata wakati watu wameshaacha kuwauliza.

Kiangazi kimoja Samweli alipanda mti kutundika mzinga, tawi likakatika. Baba yake alikuwa jirani, kwenye mti mwingine. Alishuka akakimbia kuelekea kwake bila kuangalia anapokanyaga, kisiki kikampasua muundi wa mguu. Akambeba mwanawe mgongoni hadi barabarani, ile barabara ya zamani ambayo mababu zetu walipita na mizigo ya misafara. Samweli hakufika hospitali.

Kwenye mazishi, Baba Samweli hakutoa chozi. Aliongoza wimbo yeye mwenyewe. Kina mama walipoangua kilio aliinua mkono, akawakumbusha kwamba Mkristo hahuzuniki kama mtu asiye na tumaini. Akamshukuru Mungu mbele ya kaburi kwa sauti isiyotetemeka. Watu wakaondoka wanasema, huyu ndiye mzee wa kanisa, imani ndiyo hii. Na mimi nilisema hivyo hivyo. Siku chache baadaye akawaambia wazee wenzake kwamba asiitwe tena Baba Samweli. Aitwe Mzee Maganga, jina lake. Watu wakatii, wakidhani wanamhurumia.

Mguuni hakutazama. Msiba ulipokwisha, kisiki kilikuwa kimeacha shimo, naye akalipaka asali yake kidogo, ngozi ikafunika. Alikuja hospitali wakati wa Kwaresma kwa sababu mkewe alimlazimisha.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, Sista. Hiki ni kijeraha tu, kimeshapona. Nimekuja ili mama wa nyumbani kwangu aache kelele."

Kwa macho kilikuwa kimepona. Ngozi inang'aa. Nikaweka vidole viwili pembeni nikabonyeza, nikahisi maji yanahama chini ya ngozi. Alikuwa ananiangalia huku anatabasamu, na tabasamu lile lilinitia hofu kuliko usaha. Daktari akakifungua siku hiyo hiyo. Kilichotoka sitawaeleza, mtakula chakula baadaye. Daktari akatazama kina cha shimo, akasema mfupa ukiguswa hapa tutazungumza habari ya kukata mguu. Tangu siku hiyo akawa anakuja kwangu siku moja baada ya nyingine, namwosha, najaza gozi la asali, nafunga. Wakati wote alikuwa ananong'ona nyimbo za kanisa. Sijawahi kumsikia akisema ah.

Chumba cha vidonda kina siri nyingi, wanangu. Wakatoliki wana kitubio, sisi tuna benchi la kusubiria. Siku moja Mzee Maganga alikuwa ameitwa kwa daktari, mkewe akabaki pale benchini, amekunja kanga mapajani. Nikamsalimu kwa lugha yetu, "Mwangaluka, Mama Samweli."

Akaniangalia kama nimemmwagia maji. Halafu akaanza kulia bila sauti.

"Unajua ni muda gani sijaitwa hivyo?" akasema. "Kanisani wananiita mama mzee wa kanisa. Sokoni wananiita shemeji. Yeye nyumbani ananiita 'wewe'. Amelifuta jina la mtoto, na mimi nimefutika humo humo."

Nikakaa karibu yake. Nikamwuliza kama wameshazungumza.

"Nikianza anafungua Biblia. Ananisomea. Dada, maneno ni mazuri, nayajua, na mimi nimebatizwa. Lakini anayasoma ili ninyamaze." Akafuta uso kwa pindo la kanga. "Yeye ndiye aliyemwambia Samweli apande mti ule. Mimi simlaumu, tawi ni tawi. Ningekuwa namlaumu ningekuwa nimeshaondoka. Ninachotaka nimsikie alitaje jina la mwanangu, hata mara moja. Kaka zangu kule Ziba wameniandalia chumba. Pasaka ikipita hajalitaja, naenda zangu kwetu."

Alisema Pasaka kwa sababu ya desturi yetu. Katika ushirika wetu alfajiri ya Pasaka hatuanzii kanisani. Wapiga tarumbeta wanapita kijijini kuamsha watu giza halijaondoka, tunakwenda wote makaburini, tunasubiri jua hapo hapo katikati ya wafu wetu. Jua likichomoza mchungaji anasema Bwana amefufuka, tunaitikia kwamba amefufuka kweli. Kisha kila nyumba iliyozika mwaka huo inasimama kwenye kaburi lake, baba wa nyumba anataja jina la marehemu kwa sauti, na kanisa lote linaitikia, "Naye atafufuka." Ni hayo tu. Hakuna hotuba. Anayetakiwa kulitaja jina la Samweli alikuwa yule aliyelifuta.

Siku iliyofuata nilipokuwa namfunga mguu, mdomo wangu ukaniwasha. Sikumtaja mkewe, siri ya benchini inabaki benchini. Nilimweleza tu habari za babu yake babu yangu, aliyekuwa mpagazi katika njia ile ya misafara, kutoka Tabora kwenda pwani na kurudi. Kwetu ilisimuliwa kwamba mpagazi akizidiwa alikuwa anasema neno moja, "Nipokee," kama mnavyosema hadi leo mkitoka kisimani na ndoo kichwani. Mwenzake anasogeza bega, mzigo unahama kabla haujaanguka. Kusema hivyo hakukuwa aibu. Aibu ilikuwa kunyamaza kwa kiburi halafu ukauangusha mzigo wa watu porini.

Aliacha kunong'ona wimbo wake. "Sista," akasema, "leo unafunga mguu au unafungua mdomo?"

"Vyote viwili, mzee. Mshahara ni ule ule."

Hakucheka. Alivaa kiatu chake akaondoka, na mara mbili zilizofuata alimwomba mwenzangu amfunge. Nikajua nimegusa pabaya. Nikajiambia, mama, wewe ni wa vidonda vya miguu, baki hapo.

Alfajiri ya Pasaka ikafika. Nyasi za makaburini zilikuwa ndefu na umande umetulowesha hadi magotini. Watu wamebeba tochi na taa za simu. Tarumbeta ya Samweli ilikuwa inapigwa na kijana mwingine, na nilimwona Mama Samweli anaisikiliza huku amefumba macho. Mzee Maganga alisimama mbele na mchungaji, amevaa suti, ameegemea fimbo, mguu niujuao ukiwa ndani ya suruali iliyopigwa pasi. Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo, na sikujua niombe nini hasa.

Jua likachomoza nyuma ya miyombo. Mchungaji akasema, tukaitikia. Nyumba ya kwanza ikataja bibi yao, tukaitikia, "Naye atafufuka." Nyumba ya pili ikataja kichanga aliyekaa siku chache tu duniani, tukaitikia. Kisha ikawa zamu ya nyumba ya tatu. Mzee Maganga akatembea na fimbo yake hadi kwenye kaburi la mwanawe, mkewe akasimama upande wa pili.

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka sauti ambayo sijui niifananishe na nini, sauti ya chini, kama ng'ombe aliyekwama topeni. Fimbo ikaanguka. Mabega yale yaliyombeba Samweli hadi barabarani yakaanza kutikisika.

Mnajua wenyewe kanisani kwetu mtu akianza kulia tunafanyaje. Tunaanzisha wimbo. Hatuna nia mbaya, tunataka kumsitiri. Mama mmoja wa kwaya akaanzisha, sauti nzuri, na wengine wakadakia, wimbo ukapanda juu ya kilio cha mtu yule kukifunika. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niitikie.

"Nyamazeni," Mama Samweli akasema.

Hakupaza sauti. Lakini wimbo ulikatika. "Nimekaa na wimbo huo nyumbani tangu tulipomzika mwanangu. Mwacheni mwenzangu alie."

Basi tukasimama. Kanisa zima, wazee, watoto, wapiga tarumbeta wakiwa na vyuma vyao mikononi, tumesimama kwenye umande tunamsikiliza mzee wa kanisa akilia. Mchungaji wetu, ambaye ni mtu wa maneno, alikifunga kitabu chake. Sijui tulikaa muda gani. Ninachojua ni kwamba niliogopa, ile hofu ya Musa ya kuvua viatu. Nilihisi tumeingia mahali ambapo hatukuwahi kuingia katika ibada zetu zote, na palikuwa wazi miaka yote.

Mwishowe aliinua uso, umelowa wote, kamasi na machozi, suti imepinda. Hakulitazama kaburi. Alimtazama mkewe ng'ambo ya kaburi, akanyoosha mikono.

"Mama Samweli," akasema. "Mama Samweli, nipokee."

Jina likawa limetoka. Tukababaika, maana halikutoka kwa utaratibu. Hatukujua kama ndilo alilotaja au anamwita mkewe tu. Halafu sauti moja nyuma, nadhani ya yule kijana wa tarumbeta, ikasema, "Naye atafufuka." Na sisi wote tukaitikia, tukiwa tunalia, hata waliokuwa hawajui wanalia nini. Mama Samweli alikuwa ameshazunguka kaburi, amemshika mumewe kwapani, uzito wake wote umemwegemea.

Nimekaa na jambo hilo sana, wanangu. Maisha yangu yote nilihangaika na vidonda ili vifutike, visionekane, mtu arudi kama alivyokuwa. Lakini Bwana wetu tunayemwimbia alfajiri ile alitoka kaburini na matundu yake mikononi na ubavuni. Mungu aliyeweza kuviringisha jiwe angeshindwa kufunga ngozi? Aliyaacha wazi, akamwambia rafiki yake mwenye mashaka aweke kidole. Nilikuwa nimelisikia hilo tangu utoto, na sikuwahi kulishangaa hadi nilipomwona mzee mmoja wa Ipole amesimama mbele ya watu wake hana cha kujifunika.

Sasa msiende kusema Bibi wa Itetemia amewaambia machozi yanaponya muundi. Mguu ule uliponywa na kisu cha daktari, maji ya chumvi, asali na uvumilivu, na ulichukua miezi. Mgonjwa akija na usaha, msimpeleke makaburini, mpelekeni kwa daktari. Na akianza kulia mbele yenu, msianzishe wimbo. Wala msimsomee. Shikeni bakuli lenu, msubiri.

Jumatano baada ya Pasaka mzee alirudi kwangu mwenyewe, hakumwomba tena mwenzangu. Mkewe aliingia naye hadi ndani, akakaa kwenye kiti cha pembeni na pochi yake mapajani. Habari ya Ziba sikuiuliza. Nikafungua bandeji, nikavuta pumzi kwanza kama nilivyofundishwa: hakuna harufu. Nikatoa gozi. Chini kabisa ya shimo kulikuwa na nyama changa, nyekundu, yenye unyevu, imeanza kupanda. Nikachovya pamba, nikaigusa kidogo tu kwa kibano.

Mzee akavuta mguu. Akashika ukingo wa kitanda.

"Inauma, Sista," akasema.

Nilisimama na kibano hewani, nikamkumbuka Bibi Nyamizi. Aliyejibu ni mama wa kwenye kiti.

"Pole, Baba Samweli."